Wiki Tuliyoshona kwa Mkono wa Kushoto

Gunia lina masikio. Anayeanza kazi aanze kwa kulijua hilo. Ukishalijaza, unakunja mdomo kwa ndani, unakamata pembe moja, unaizungushia uzi wa katani mpaka isimame kama sikio la mbuzi, halafu ndipo unatembea na sindano kwenda pembe ya pili. Ukisahau masikio, kuli hana pa kushika, na atakutukana wewe pamoja na aliyekufundisha. Mimi mwanzoni nilitukanwa sana. Aliyenifundisha, Mama Oresta, alitukanwa zaidi yangu, na kila akitukanwa alinigonga vidole kwa ubapa wa sindano, akisema, "Hilo ni tusi lako, nakurudishia."

Nimeombwa na vijana wanaofanya kazi maghalani hapa Majengo, Sumbawanga, niandike tulivyokuwa tukifanya. Shule niliishia darasa la nne, mkono wangu wa kuandika ni mzito kuliko wa kushona, kwa hiyo nimeandika nikipumzika. Nikirukaruka mnivumilie. Na msitegemee nitawafundisha kushona tu. Siku hizi mashine ya mkono inafunga mfuko wa salfeti kabla hujamaliza kupiga chafya. Nataka kuwaeleza jambo lingine, namna ya kumkinga mwenzio aliyesema ukweli ili asiliwe.

Tulikuwa wanawake wanane katika godauni moja. Mkubwa wetu kwa umri alikuwa Perpetua wa Kasense, binti Wenseslausi. Akafuata Gaudensia, mke wa katekista Leonsi, halafu Skolastika mama Piusi, Tekla wa Kate, Bernadeta aliyekuwa na meno mazuri kutupita wote, na Oliva aliyekuja mjini kwa baiskeli ya mumewe na baiskeli haikurudi. Kulikuwa na Kabula binti Masanja, Msukuma, ambaye ndugu zake walishuka na ng'ombe zao mpaka bonde la Ziwa Rukwa. Wa nane mimi, Mama Sabas, nyapara wao. Majina nayashika tangu utoto. Hata mbwa wa mlinzi namkumbuka, aliitwa Waziri.

Kati ya hao wanane kuna mmoja aliyefanya jambo nitakalolisimulia. Jina la huyo limenitoka. Mjukuu wangu Yusta alipokuwa ananisomea nilichoandika, alisimama hapo, akaniangalia.

"Bibi, unakumbuka mbwa halafu unasahau mtu?"

"Uzee una mambo yake," nikamwambia. "Endelea kusoma."

Humu nitamwita Mwenzetu. Na mkiona nimesema Mwenzetu alikaa wapi au alikwenda kijiji gani, msianze kuwahesabu kwa vidole. Hayo nimeyavurugavuruga kidogo.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Kabla ya hapo mahindi yote ya Ufipa yalikwenda ushirika, na mtu akikutwa na magunia yake njiani aliitwa mlanguzi, akalala ndani. Halafu mlanguzi yule yule akawa mfanyabiashara, ana ofisi, ana kalenda ukutani. Sisi tuliona ni heri. Ushirika ulikuwa umeanza kutulipa kwa ahadi, hawa wapya walilipa kila Jumamosi. Kampuni iliyotuajiri ilikuwa na meneja kijana, mtanashati, Bwana Edmundi. Siku ya kwanza alitusimamisha mstari mmoja, akatuambia:

"Akina mama, mimi baba yangu ni fundi cherehani. Nimezaliwa chini ya meza ya kukatia. Mama yangu Anastela alikuwa ananinyonyesha huku anaweka vifungo. Mshono nausoma hata nikifumba macho. Kwa hiyo mimi msinichezee."

Tukacheka, tukampenda. Hakuwa mtu mbaya wa kumwangalia. Alimsalimia Perpetua shikamoo kila asubuhi bila kukosa, na siku Kabula alipoomba ruhusa ya kwenda harusini kwa kaka yake huko bondeni, alimbeba mwenyewe kwenye gari la kampuni. Nawaambia hili mapema, vijana. Msimtafute mwovu kwa sura. Anaweza kuwa ndiye anayewapa lifti.

Mwaka huo serikali ilikuwa inapeleka mbegu bora za mahindi vijiji vya Nkasi, yenyewe ikilipa nusu na mkulima nusu, na kampuni yetu ndiyo iliyopewa kazi ya kuzileta. Tuliambiwa zinakuja kwa gari kutoka mbali. Kweli gari lilikuja, lakini lilitokea upande wa mashambani, na kilichoshuka kilikuwa mahindi ya kawaida, tena ya msimu uliopita, mengine yamebunguliwa. Yakamwagwa sakafuni. Ikaletwa ile rangi nyekundu ya kutia mikeka, ikakorogwa ndani ya mapipa, na makuli wakayageuza mahindi kwa koleo mpaka yote yakawa mekundu kama mbegu ya dukani. Sisi tukayafunga. Afisa wa wilaya alikuja, akanywa chai ofisini, akatoka na kutia lakiri yake ya risasi, ule muhuri wa kuthibitisha mbegu, kwenye kila gunia bila kulifungua hata moja. Jina lake ninalo. Silitaji kwa sababu watoto wake ni watu wema na mmoja alinitibu goti.

Wiki ile tulikuwa na viganja vyekundu wote. Jumapili kanisani padre alitukomunisha kwenye ulimi huku anatazama mikono yetu, na Gaudensia akanong'ona, "Baba anadhani tumechinja." Tulicheka mpaka benchi likatikisika. Lakini nyumbani nilipoosha mikono na maji yakawa mekundu, sikucheka. Mbegu halisi nilikuwa nimeishika miaka yote ya ushirika. Nilijua, na wenzangu walijua. Mahindi yale yakipandwa, mengine hayataota, na yatakayoota yatatoa vigunzi. Mtu wa Kate akikosa msimu mmoja hana duka la kukimbilia.

Tulijua, tukanyamaza, kila mmoja na watoto wake wa kusomesha. Mwenzetu hakunyamaza.

Jumapili moja alikwenda kijijini, tuseme Kate, kumtazama mama yake mgonjwa. Magunia yetu yalikuwa yameshafika huko, yamepangwa katika stoo ya kijiji yakingoja siku ya kugawiwa. Bwana shamba wa pale aliitwa Deo, kijana mwenye baiskeli isiyo na breki na roho isiyo na woga. Mwenzetu akamwambia mambo yalivyo. Deo akachukua ufunguo, wakafungua gunia moja mchana kweupe, wakatoa mahindi ya kujaza kopo. Deo akaloweka mahindi ya kiganja kimoja ndani ya bakuli, rangi ikaachia, matundu ya wadudu yakaonekana. Kopo lile akaondoka nalo kwa basi kwenda kwa wakaguzi wa mbegu, Mbeya. Mwenzetu akalishona gunia, akatia na masikio, akarudi kazini kama hakuna kitu.

Sasa hapo ndipo penye kazi yangu. Kila mshono una upande unaolalia. Ukishona kwa mkono wa kulia, nyuzi zinalala huku, kama majani yaliyopigwa na upepo wa mashariki. Ukishona kwa kushoto, zinalala kule. Na gunia la katani halisahau, matundu ya mshono wa kwanza yanabaki. Mwenzetu alikuwa wa mkono wa kushoto. Katika wanane alikuwa peke yake.

Siku chache baadaye ikaja amri kwamba mbegu zisigawiwe kwanza. Bwana Edmundi alipanda gari, akaenda Kate, akarudi na gunia moja tupu begani. Akaingia godauni, akalitandika mbele yangu.

"Mama Sabas, angalia hapa. Lakiri imekatwa. Matundu ya kwanza yanalala huku. Mshono wa pili unalala kule. Masikio yamezungushwa kama mnavyozungusha nyinyi, si kama wanavyofunga wanakijiji. Gunia hili limefunguliwa na mmoja wa wanawake wako."

Nikaliangalia kama vile naona gunia mara ya kwanza maishani.

"Huo ni wizi wa mali ya kampuni," akasema. Hakupaza sauti. "Nimeshaongea na polisi. Mhusika atalala huko mpaka ataje nani alimtuma. Sasa niambie, hapa nani anashona kwa mkono wa kushoto?"

Alikuwa mgeni, na ofisi yake ilikuwa upande wa pili wa uwanja, hakuwahi kukaa kututazama. Lakini akigeuka nyuma tu angeona, maana wenzangu walikuwa pale wameshika sindano. Mdomo wangu ukafunguka kabla sijauruhusu.

"Wote, Bwana meneja."

"Wote?"

"Mkono ukichoka tunabadilisha. Kulia, kushoto. Ndiyo ushonaji wa huku kwetu."

 Halafu akatabasamu, na tabasamu lile lilinitia baridi kuliko upepo wa Juni.

"Vizuri sana. Sijawahi kuliona hilo, na mimi napenda mishono. Jumamosi kila mmoja atashona mbele yangu. Nusu kwa kulia, nusu kwa kushoto."

Alipotoka, nikageuka. Nyuso saba zilikuwa zinanitazama.

"Mama Sabas," akasema Perpetua polepole, "mimi mkono wangu wa kushoto haujawahi hata kushika kijiko."

Ilikuwa Jumatano.

Nawaachia hapo kidogo niwape somo, msinune. Ukiulizwa swali la hatari, usijibu kwa ujanja. Sema hujui, basi. Kutojua hakuna mtihani Jumamosi. Mimi nilijibu kwa ujanja, na watu wanane wakaingia shule upya wakiwa na wajukuu.

Tulijifunza kila mahali. Nilikoroga ugali kwa kushoto, ukawa na madonge, na mume wangu Kosmasi akauliza kama nimepigwa ganzi. Tekla alimwagia ng'ombe maji badala ya ndoo. Kubwa zaidi lilikuwa heshima. Mnajua kwetu kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni kumtukana. Oliva alimpa baba mkwe bakuli la kimpumu kwa kushoto, na pombe ile ya ulezi mtu hanyweshwi hivyo. Mzee aliiweka chini, akaita kikao cha ukoo. Gaudensia naye, katika sala ya jioni, alipiga ishara ya msalaba kwa kushoto mbele ya mumewe katekista.

"Leonsi alifunga kitabu," alitusimulia kesho yake. "Halafu akauliza taratibu, mke wangu, umeingia dhehebu gani?"

Mchana, makuli wakienda kula, tulifunga mlango, nikawaweka mstari, tukashona magunia mabovu. Sindano za magunia si za kitambaa. Vidole vilitoboka. Bernadeta alijifunga vitambaa vitano, akasema akizikwa wiki ile watadhani alipigana na nungunungu.

Lakini kosa letu kubwa halikuwa la mikono, na hili mlishike kuliko yote. Tulianza kumwonea Mwenzetu huruma. Akiingia, tunanyamaza. Akikaa, anasogezewa kiti. Chai yake inatiwa sukari mara mbili. Zamani tulikuwa tunamgombeza kila siku kwa sababu alikuwa anachelewa na ana mdomo. Sasa akichelewa tunamwambia pole. Mtunza stoo, Fidelisi, aliyekuwa mtu wa Bwana Edmundi, alikuwa anapitapita pale mlangoni na kikombe chake, macho yake yanakwenda kwenye kile kiti kilichosogezwa.

Kabula ndiye aliyeona. Alikuwa ametuzoea, ametufanya sote watani zake bila kutuomba ruhusa. Akasimama katikati ya godauni, Fidelisi akiwa pale pale mlangoni, akamwelekea Mwenzetu.

"Wewe," akasema, "mboga uliyoleta jana ulitia chumvi au ulimwaga machozi? Nimeamka nakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka machungani. Na hicho kiti ni cha Bibi Perpetua, ondoka."

 Mwenzetu akamtazama. Midomo ikaanza kumcheza.

"Msukuma anajua mboga tangu lini?" akajibu. "Si mnakula maziwa na vumbi tu?"

"Na umechelewa tena."

"Nimechelewa kwa sababu mifugo yenu imeziba barabara."

Basi godauni likarudi kuwa godauni. Skolastika akadai sufuria yake aliyoiazimisha tangu Pasaka. Perpetua akachukua kiti chake. Fidelisi akanywa chai yake, akaenda zake. Tangu siku ile nimesema, aliyesema ukweli msimsogezee kiti. Mkitaka kumlinda, mgombezeni kama mlivyokuwa mnamgombeza.

Jambo jingine tulilofanya vizuri, nalo ni la Mama Oresta ingawa alikuwa ameshafariki. Alizoea kusema usimuulize mtu kitu ambacho ukikamatwa hutaweza kukirudisha. Hakuna aliyemuuliza Mwenzetu alifunguaje, na nani, saa ngapi. Hayo ya Deo na bakuli tuliyajua baada ya yote kwisha. Wakati ule tulijua tu mshono unalala kushoto, na tulijua mkono wa nani.

Ijumaa tukagundua tatizo. Mishono yetu ya kushoto ilikuwa kama njia ya mlevi. Wa Mwenzetu ulikuwa umenyooka kama mstari wa shule. Nikamwambia auharibu. Akajaribu. Mkono ukakataa. Mtu aliyeshona vizuri miaka yote hawezi kushona vibaya kwa kuamriwa, jaribuni mtaona. Kila akiuharibu, uharibifu wenyewe ulikuwa unapendeza. Akaweka sindano chini, akasema, "Mama Sabas, mimi kesho nitasema ni mimi. Watoto wangu mtawaangalia."

"Watoto wako wanakula sana," Kabula akasema. "Siwataki. Wewe njoo kesho, shona."

Jumamosi Bwana Edmundi alikuja amevaa shati jeupe. Fidelisi akabeba kiti nyuma yake. Lile gunia la Kate likatundikwa ukutani kwa misumari kama picha. Nje ya lango alikuwepo askari mmoja amekaa kwenye kivuli anachezea kofia yake, na Waziri alikuwa amelala miguuni pake kama wanafahamiana.

"Shikamoo bibi," Bwana Edmundi akamwambia Perpetua.

"Marahaba mwanangu."

"Anza wewe."

Perpetua akashona. Kulia kama maji. Kushoto akatoa mshono wa kutisha, lakini ulilala kushoto. Bwana Edmundi akainama, akautazama, akautazama na ule wa ukutani, akapita. Gaudensia akashona. Oliva akashona, jasho linamtoka puani. Kila mmoja alikuwa mbovu na kila mmoja alilalia kushoto, na nikaona yule kijana anaanza kukunja uso, kwa sababu ni kweli alikuwa anaijua mishono, na alikuwa anaona kitu asichokiamini.

Ikaja zamu ya Mwenzetu. Kulia alikwenda kwa shida, maana shuleni walimchapa mpaka akaujua mkono huo lakini hakuupenda. Ulitoka wa wastani. Akahamisha sindano kushoto. Tundu la kwanza. La pili. Yamenyooka. Bwana Edmundi akasogea. Mimi nilikuwa nimeshika uzi, nikaona nimeuzungusha kidoleni mpaka kidole kimekuwa cheusi.

Kabula, aliyekuwa anangoja zamu yake pembeni, akakohoa.

"Bwana meneja, usimsogelee sana huyo," akasema. "Jana amekula maharage ya Skolastika."

Kicheko kilianza kwa Bernadeta. Kikampata Mwenzetu tumboni, mabega yakamruka, sindano ikaenda kombo, ikarudi, ikaenda kombo tena. Bwana Edmundi mwenyewe alirudi nyuma hatua moja. Alipoinama tena, mshono ule ulikuwa umepinda kama mkia wa nguruwe. Akapita.

Mimi nikashona. Sijisifu, sijilaumu. Wa mwisho alikuwa Kabula.

Alikaa chini, akanyoosha miguu, akashika sindano kwa kushoto moja kwa moja. Vijana, mimi nimeona washonaji. Mkono ule ulikwenda kama wa mtu aliyezaliwa nao. Nyuzi zililala sawasawa, masikio yakasimama. Aliukata uzi kwa meno, akakunja mikono.  Bwana Edmundi aling'oa gunia la ukutani, akaweka mshono wake kando ya wa Kabula. Ukitazama haraka, ni mkono mmoja.

"Ni wewe," akasema.

Mwenzetu alifungua mdomo. Perpetua akamkanyaga mguu, nilisikia.

"Ni mimi, Bwana meneja," Kabula akasema. "Mwite askari. Ila nikumbushe kidogo. Gunia lilifunguliwa Kate lini?"

Akataja siku.

"Siku hiyo uliniteremsha mwenyewe bondeni, harusini kwa kaka yangu. Ukakaa. Ukala nyama, ukasifu mchuzi, mama yangu akakuongeza. Sasa niliruka vipi mpaka Kate? Au nikuite uwe shahidi wangu?"

Fidelisi alicheka kwanza, halafu akajifanya anakohoa. Bwana Edmundi alisimama pale na gunia mkononi. Mshono wake umempeleka kwa mtu pekee ambaye yeye mwenyewe anajua kuwa hakuwepo. Akalikunja gunia taratibu, akasema turudi kazini. Askari alipoondoka, Waziri alimsindikiza mpaka barabarani.

Jioni tukimenya viazi kwa Perpetua, nikamuuliza Kabula aliupata wapi mkono ule kwa siku tatu.

"Nilishona ngozi," akasema. "Kila jioni nikitoka hapa, mpaka usiku. Kaka yangu aliniletea ngozi za ndama, nimezitoboa zote. Nilijua atamkamata mwenye mshono mzuri, hilo halikwepeki. Nikajiuliza, kati yetu nani akikamatwa hawezi kufungwa? Nikaona ni mimi, nilikuwa harusini. Basi nikasema acha mzuri uwe wangu."

Aliyasema hayo anamenya kiazi. Mimi nilikuwa nyapara na sikuwa nimeliwaza. Anayesimama mbele asiwe jasiri kuliko wote tu, awe yule ambaye hawana pa kumshikia.

Wiki iliyofuata wakaguzi walifika kutoka Mbeya na kopo la Deo. Mbegu zilirudishwa zote, mbegu halisi zikapelekwa zikiwa zimechelewa, Kate wakapanda nyuma ya mvua na kuvuna kidogo, lakini wakavuna. Bwana Edmundi alikaa mahabusu muda, kesi ikayeyuka. Afisa wa lakiri alihamishwa, na nasikia huko alikohamishiwa alipanda cheo. Kampuni ilifunga mlango, nasi tukakaa bila kazi mpaka mfanyabiashara mwingine alipotuita wote wanane kwa pamoja, akidai amesikia Sumbawanga kuna wanawake wanaoshona kwa mikono miwili.

Lakini hatari haikuishia hapo, na hapa ndipo wengi wanapolegea. Watu wa Kate walifurahi, wakaleta mbuzi. Walimfunga mlangoni kwangu wakasema ni wa yule mama aliyetusaidia, tuonyesheni nyumba yake. Mbuzi mzuri, mweupe, anayelia mtaa mzima unasikia. Angepelekwa kwa Mwenzetu, siku hiyo hiyo Majengo nzima ingejua, na mahabusu mtu hutoka, hasira hazitoki. Nikawaambia, "Mmefika. Ni hapa." Wakaniuliza, "Ni wewe?" Nikasema, "Ni sisi." Tulimchinja, tukamla wanane, Mwenzetu akapata shingo kwa sababu alichelewa kufika, na Kabula akamgombeza.

Yusta ananiambia siku hizi ipo sheria ya kumlinda mtoa taarifa. Vizuri sana, muisome. Lakini sheria haikai nanyi godauni saa ya chai. Hapo mnabaki nyinyi na viti vyenu.

Bwana Edmundi alirudi Sumbawanga uzeeni. Ana duka la vifaa vya ujenzi hapa hapa Majengo, na sina ugomvi naye. Juzi nilikwenda kununua bawaba za mlango. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, nywele zote nyeupe.

"Hujambo Edmundi mtoto wa Anastela," nikasema.

Akainuka. "Mama Sabas. Shikamoo. Mpaka mama yangu unamkumbuka?"

"Si ulituambia siku ya kwanza. Alikuwa anaweka vifungo."

Akacheka mpaka akafuta macho. Tukaongea ya wajukuu, ya magoti, ya waliokufa. Akapunguza bei ya bawaba. Halafu akasogeza kiti.

"Mama, tumezeeka. Sina ubaya na mtu, makosa yalikuwa yangu. Nataka tu nisife nikijiuliza. Alikuwa nani?"

"Perpetua wa Kasense," nikasema. "Gaudensia wa katekista. Skolastika, Tekla, Bernadeta, Oliva, Kabula. Weka na langu. Mmoja wetu."

"Yupi?"

"Hilo jina limenitoka."

"Wewe? Uliyemkumbuka mama yangu?"

"Uzee una mambo yake."

Alitikisa kichwa, akaenda kwenye friji, akarudi na soda baridi ameifungua. Akaninyooshea. Alikuwa anatabasamu, lakini macho yake hayakuwa usoni kwangu. Yalikuwa yamekwenda chini kwenye viganja vyangu, yanangoja mkono utakaotangulia, yale yale ya kijana wa shati jeupe.

Nikaipokea kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kumpokea mtu kwa heshima.